Namba hasi na mstari wa namba: anza hapa kama alama ya kutoa inakuchanganya

Maswali ni yale yale kila mwaka. "Mwalimu, kwa nini −9 ni ndogo kuliko −4 wakati 9 ni kubwa kuliko 4?" "Mwalimu, si ulisema hasi na hasi ni chanya? Mbona kwenye −3 − 4 nimeandika 7 ukanikosesha?" Nayajibu darasani, nayajibu tuisheni, na jioni mzazi ananipigia simu akiwa na daftari la mtoto mkononi. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe wa darasa la sita au la saba, na wewe uliyeingia kidato cha kwanza ukakuta mada hii inarudi kwa Kiingereza kabla hujaikamata vizuri kwa Kiswahili. Mzazi naye anaweza kukaa pembeni akafuata, hesabu zenyewe hazizidi uwezo wa mtu yeyote anayeuza na kununua.

Nina ombi moja kabla hatujaanza. Kama umekariri ile sentensi ya "hasi na hasi ni chanya", iweke kando kwa muda. Ina mahali pake na nitakuonesha ni wapi, lakini nimesahihisha madaftari mengi ambayo kosa halikutokana na mtoto kutojua. Lilitokana na kuitumia sentensi hiyo mahali pasipo pake.

Uwe na vitu hivi

- Daftari la hesabu lenye miraba, penseli, kifutio na rula.
- Vizibo vya soda 20. Kama huna, kokoto za rangi mbili zinatosha.
- Chaki na sakafu, au kijiti na uwanja wa udongo, penye urefu wa kama hatua 20 hivi.
- Uwe unajua kujumlisha na kutoa namba za kawaida bila kutumia vidole. Kama 15 − 8 bado inakusumbua, anzia hapo kwanza.

Na maneno machache. Namba kamili ni zile zisizo na sehemu wala desimali: 1, 2, 3 na kuendelea, sifuri, na −1, −2, −3 na kuendelea. Zilizo juu ya sifuri tunaziita chanya, zilizo chini yake tunaziita hasi. Sifuri yenyewe si chanya wala si hasi. Nadharia imeishia hapo.

Hatua ya 1: Chora mstari wako

1. Piga mstari mmoja wa kulala kwa rula, urefu wa miraba 22.
2. Weka alama katikati kabisa, andika 0 chini yake.
3. Kwenda kulia, weka alama kila baada ya mraba mmoja: 1, 2, 3 hadi 10.
4. Rudi kwenye sifuri. Kwenda kushoto, weka alama kila baada ya mraba mmoja: −1, −2, −3 hadi −10.
5. Weka mshale kila mwisho, kwa sababu namba haziishii kwenye 10 wala kwenye −10.

Angalia makosa mawili hapa. La kwanza ni kuanza kuandika upande wa kushoto kutokea ukingo wa daftari: mtoto anaandika −1 mbali kabisa, kisha −2, −3, na −10 inajikuta jirani ya sifuri. Jirani wa sifuri upande wa kushoto ni −1, siku zote. La pili ni nafasi zisizolingana. Ukiwa na nafasi pana hapa na finyu pale, mstari utakudanganya kwenye kila hesabu utakayofanya juu yake. Ndiyo maana nimesema daftari la miraba.

Hatua ya 2: Linganisha namba kwa kutazama, usitumie ukubwa wa tarakimu

Kanuni ni moja: iliyo kulia zaidi ni kubwa zaidi. Kwa hiyo 3 ni kubwa kuliko −7, sifuri ni kubwa kuliko −1, na −4 ni kubwa kuliko −9.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayogomba na akili ya wengi. Basi fikiria msimamo wa ligi. Timu mbili zina pointi sawa, moja ina tofauti ya mabao −4, nyingine −9. Ipi inakaa juu? Sijawahi kuona mtoto anayekosea hapo, hata yule anayekosea ubaoni. Au chukua daftari la madeni dukani kwa Mangi: anayedaiwa shilingi 4,000 ana nafuu kuliko anayedaiwa 9,000. Kwa namba hasi, tarakimu ikiwa kubwa maana yake umezama zaidi.

Zoezi dogo: panga −7, 3, 0, −2, 5, −11 kuanzia ndogo kwenda kubwa. Jibu ni −11, −7, −2, 0, 3, 5. Kama ulianza na 0 au na −2, rudi uweke kidole kwenye mstari, anzia kushoto kabisa.

Hatua ya 3: Jua kinyume cha kila namba

Kunja karatasi yako pale kwenye sifuri. Utaona 5 inaangukia juu ya −5, na 8 juu ya −8. Hizo ni namba kinyume: ziko umbali sawa kutoka sifuri, pande tofauti. Ukizijumlisha unapata sifuri. Kinyume cha −6 ni 6. Kinyume cha sifuri ni sifuri yenyewe. Tutaihitaji mbele kidogo.

Hatua ya 4: Jifunze kuisoma alama kabla ya kuhesabu

Hapa ndipo penye shida yote, kwa hiyo nenda polepole.

Alama hii moja, −, ina kazi mbili. Ikiwa kati ya namba mbili, ni kitendo: kutoa. Ikiwa imeshikamana na namba moja, ni sifa ya namba hiyo: hasi. Kwenye karatasi zinafanana kabisa. Lakini sisi tuna bahati, Kiswahili kimetupa maneno mawili, "toa" na "hasi". Yatumie. Acha kusoma kila kistari "minasi", maana ukisema "minasi tatu minasi nne" sikio linasikia minasi mbili, na mkono unakimbilia kuandika chanya.

Soma kwa sauti:

- −3 − 4 ni "hasi tatu, toa nne".
- 3 − (−4) ni "tatu, toa hasi nne".
- −3 + (−4) ni "hasi tatu, jumlisha hasi nne".
- −3 − (−4) ni "hasi tatu, toa hasi nne".

Rudia hadi usigugumie. Kwa wiki ya kwanza wanafunzi wangu hawaandiki jibu kabla sijasikia wakisoma swali, na makosa hupungua hata kabla sijafundisha kanuni yoyote.

Hatua ya 5: Tembea kwenye mstari

Chora mstari mkubwa uwanjani kuanzia −10 hadi 10, nafasi ya hatua moja kati ya namba na namba. Sasa:

1. Simama juu ya namba ya kwanza.
2. Tazama kitendo. Kikiwa *jumlisha*, geukia upande wa chanya. Kikiwa *toa*, geukia upande wa hasi.
3. Tazama namba ya pili. Ikiwa chanya, tembea mbele. Ikiwa hasi, tembea kinyumenyume, bila kugeuza uso.
4. Uliposimama ndipo penye jibu.

Tujaribu. −5 + 8: simama kwenye −5, geukia chanya, piga hatua 8 mbele. Umepita sifuri, umefika 3.

−2 + (−6): simama kwenye −2, geukia chanya kwa sababu ni jumlisha, kisha rudi kinyumenyume hatua 6. Umefika −8.

−3 − 4: simama kwenye −3, geukia hasi, piga hatua 4 mbele. Umefika −7. Hakuna mahali popote kwenye safari hiyo palipokugeuza kurudi upande wa chanya, ndiyo maana 7 haiwezi kuwa jibu.

Sasa ile ngumu, 3 − (−4). Simama kwenye 3. Ni toa, kwa hiyo geukia hasi. Namba ya pili ni hasi, kwa hiyo tembea kinyumenyume hatua 4. Uso unatazama sifuri lakini miguu inakupeleka mbali nayo: 4, 5, 6, 7. Jibu ni 7.

Hapo ndipo "hasi na hasi ni chanya" ina ukweli wake: pale ambapo *toa* imekutana uso kwa uso na *hasi*. Toa hasi nne ni sawa na jumlisha nne. Si kila ukiona vistari viwili kwenye swali.

Onyo: usihesabu mahali ulipoanzia kuwa "moja". Ukiwa kwenye 3, hatua ya kwanza inakupeleka 4. Mtoto anayepata jibu lililopungua au kuzidi kwa moja kila mara, karibu wote shida yao ni hiyo. Tunahesabu hatua, hatuhesabu alama za chini.

Ukishatembea mara kumi au kumi na tano, hamia kwenye daftari na utumie ncha ya penseli badala ya miguu. Usiruke sehemu ya uwanjani kwa kuona ni ya watoto wadogo. Wa kidato cha kwanza nao nawatembeza.

Hatua ya 6: Hakiki kwa vizibo

Kuna mwanafunzi ambaye haridhiki kwa kutembea. Anataka kujua *kwa nini* kutoa hasi kunaongeza. Huyu nampa vizibo.

Kizibo kilicholala kwa mgongo, tumbo likitazama juu, ni +1. Kilichofunikwa ni −1. Kimoja cha juu na kimoja kilichofunikwa vikikaa pamoja vinafutana, ni sifuri, kama tulivyoona kwenye namba kinyume.

Fanya 3 − (−4) hivi:

1. Weka vizibo 3 vya juu.
2. Unatakiwa kutoa vizibo 4 vilivyofunikwa. Huna hata kimoja.
3. Ongeza jozi 4, kila jozi ina kimoja cha juu na kimoja kilichofunikwa. Hujabadilisha kitu, umeongeza sifuri mara nne.
4. Sasa ondoa vile 4 vilivyofunikwa.
5. Hesabu vilivyobaki: vya juu 7.

Wahindi waliliona hili kwa njia ya mali na madeni. Mwaka 628, mwanahisabati wao Brahmagupta aliandika kanuni za namba hasi akiita chanya mali na hasi deni, na moja ya kanuni zake ni kwamba deni likitolewa kutoka kwenye sifuri linakuwa mali. Mangi akichukua kalamu akafuta deni lako la 4,000, hajakupa noti hata moja, lakini hali yako imepanda kwa 4,000. Hiyo ndiyo "toa hasi".

Hatua ya 7: Kuzidisha na kugawanya

Hapa ni haraka. 4 × (−3) ni kuruka nafasi 3 kwenda kushoto, mara nne, kuanzia sifuri: −3, −6, −9, −12. Na (−3) × 4 jibu ni hilo hilo, kwa kuwa ukibadilisha mpangilio wa kuzidisha jibu halibadiliki.

Kwa hasi mara hasi, andika mfuatano huu mwenyewe kwa mkono wako:

2 × (−3) = −6
1 × (−3) = −3
0 × (−3) = 0

Kila mstari jibu linapanda kwa 3. Endelea bila kuvunja mwendo: (−1) × (−3) = 3, kisha (−2) × (−3) = 6. Kwa hiyo kwenye kuzidisha na kugawanya, alama zikifanana jibu ni chanya, zikitofautiana jibu ni hasi. −18 ÷ (−6) = 3, na −18 ÷ 6 = −3.

Kanuni hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Usiivushe kwenda kwenye kujumlisha.

Hatua ya 8: Maswali ya maneno, simamisha mstari

Maswali mengi ya maneno yanahusu juu na chini. Geuza mstari usimame wima, juu chanya, chini hasi, kisha amua kwanza sifuri ni nini. Kwenye kipimajoto cha Selsiasi, sifuri ni pale maji yanapoganda. Kwenye milima na mabonde, sifuri ni usawa wa bahari.

Mlima Kilimanjaro una mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya juu kuliko zote Afrika. Sehemu ya chini kuliko zote ni Ziwa Assal nchini Djibouti, ambalo uso wake uko kama mita 155 chini ya usawa wa bahari, yaani −155. Tofauti ya kimo kati yake ni 5,895 − (−155) = 6,050. Ukisahau mabano ukaandika 5,895 − 155, utapata 5,740, na utakuwa umeliinua Ziwa Assal juu ya bahari.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ziwa Tanganyika. Uso wake uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni karibu mita 1,470. Kitako cha ziwa kiko wapi ukilinganisha na bahari? 773 − 1,470 = −697. Anayetupa nyavu Kigoma yuko mamia ya mita juu ya bahari, na ndani ya ziwa hilo hilo kuna mahali palipo karibu mita 700 chini ya bahari. Waambie wenzako wachore hilo wima, uone nyuso zao.

Mpira nao una maswali mazuri. Timu imefunga mabao 21 na kufungwa 28: tofauti ni 21 − 28 = −7. Ikishinda 3–0, inakuwa −7 + 3 = −4. Ikichapwa 5–1 wiki inayofuata, −4 + (−4) = −8. Chukua msimamo wa ligi unayoifuatilia, funika safu ya tofauti ya mabao, kisha uijaze mwenyewe. Ni mazoezi ya bure kila wiki.

Ukikwama

*Jibu langu lina tarakimu sahihi, alama siyo.* Kabla ya kuhesabu, kisia utaangukia upande gani wa sifuri. Kwenye 6 − 9 unatoa kingi kuliko ulichonacho, lazima uvuke sifuri. Andika kialama kidogo pembeni, "kushoto" au "kulia", kisha uhesabu.

*Kila nikiona 6 − 9 nageuza kuwa 9 − 6.* Kosa hili lina chanzo chake: ukiwa mdogo uliambiwa kidogo hakitoi kikubwa. Ilikuwa sawa wakati huo, kwa sababu hukuwa na namba upande wa kushoto wa sifuri. Sasa unazo. Ukigeuza mpangilio wa kutoa, unapata kinyume cha jibu: 3 badala ya −3.

*Namba ni kubwa, mstari hautoshi.* Kwa −48 + 30, vuta mstari mtupu usio na alama, weka sifuri, weka −48 mbali kushoto, chora mshale wa 30 kwenda kulia. Je, umefika sifuri? Bado, umebakiza 18. Jibu ni −18. Mchoro hauhitaji vipimo kamili ukishazoea.

*Nachanganyikiwa kukiwa na vitendo vingi.* Fuata MAGAZIJUTO kama kawaida: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Lakini ikibaki kujumlisha na kutoa tu, kama −2 + 7 − 10 − (−1), tembea kutoka kushoto kwenda kulia, safari moja baada ya nyingine: −2, 5, −5, −4.

*Naelewa nikiwa nyumbani, kwenye mtihani nasahau.* Chora mstari mdogo wa −10 hadi 10 pembeni ya karatasi ya kufanyia kazi kabla hujasoma swali la kwanza.

Jipime

Fanya bila kutazama majibu: (a) −6 + 9, (b) −6 − 9, (c) 6 − 9, (d) −6 − (−9), (e) 6 + (−9), (f) −6 + (−9), (g) 0 − 7, (h) (−5) × (−8), (i) −24 ÷ 6. (j) Friza iko nyuzi −18, na sehemu ya chini ya friji iko nyuzi 4. Tofauti ni nyuzi ngapi?

Majibu: (a) 3, (b) −15, (c) −3, (d) 3, (e) −3, (f) −15, (g) −7, (h) 40, (i) −4, (j) 4 − (−18) = 22.

Ukimaliza kusahihisha, tazama tena (c) na (e), kisha (b) na (f), kisha (a) na (d). Kila jozi ina jibu moja. Zitembee zote sita uwanjani na uangalie miguu yako: uso unabadilika, miguu inapita njia ile ile.